Mwalimu Rukaya Mdoe: Miaka Thelathini na Minne ya Kutetea Upande wa Pili

Ifikapo Juni 30 mwaka huu, Mwalimu Rukaya Mdoe atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya ualimu, na serikali itamruhusu apumzike. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Catherine, kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa tumekaa meza moja ofisini kwa muda mrefu. Niliipokea kwa furaha. Nilipoanza kuandika ndipo kichwa kiliponizunguka, na mpaka sasa hakijatulia.

Yaliyo wazi ni haya. Mwalimu Rukaya ni mzaliwa wa hapahapa Sindeni. Alisomea ualimu Korogwe, akaanza kazi hukohuko mjini, akahamishiwa Chanika, kisha akaomba mwenyewe kurudi kijijini, jambo lililowafanya maofisa wamuulize mara mbili kama ana akili timamu. Amefundisha Kiswahili na Maarifa ya Jamii. Wazazi wengi wa wanafunzi wetu ni wanafunzi wake wa zamani, na wakimwona njiani bado wanaficha sigara.

Kilichompa jina ni mdahalo wa Ijumaa. Aliusimamia kwa sheria moja aliyoitunga mwenyewe: kila msemaji atetee upande asiouamini. Mtoto anayechukia jembe alipewa kusifia kilimo, na mpenzi wa mpira alipewa kuupinga. Alisema mtu akishazijua hoja za mwenzake, hata ugomvi wake unakuwa na adabu. Watoto waliipenda sheria hiyo hadi wakaipeleka majumbani. Mama mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe akiulizwa kama ameoga, anajibu kimdahalo.

Kila wiki ya Mei Mosi walimu nasi tulipanda jukwaani mbele ya wanafunzi, na mada ilikuwa ileile: walimu wanastahili kulipwa zaidi ya watu wa kazi nyingine. Mwaka mmoja Mwalimu Rukaya aliiunga mkono kwa ustadi hata Mzee Awadhi, mwenyekiti wa kamati ya shule, akafuta machozi. Mwaka uliofuata akaipinga. Akamtaja nesi Maryamu, anayewafuata wajawazito hadi vitongojini kwenye tope la masika, akauliza ni mwalimu gani amewahi kushika roho ya mtu mkononi. Wanafunzi wakapiga kura kwamba mishahara yetu ipunguzwe. Ofisini tulimnunia wiki nzima, na chai alijimiminia mwenyewe.

Kwa hiyo hakuna aliyejua anaamini nini. Hata mimi, ukiniuliza leo nani alipwe zaidi kati yangu na Maryamu, najikuta nakubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho.

Mwaka huu jambo hilo liliacha kuchekesha. Mwalimu Enock, kijana wetu kutoka milima ya Usambara, ndiye mwalimu pekee wa Hisabati wa darasa la saba. Mkewe Yasinta ni mjamzito, na bado Enock anasomesha wadogo zake. Mjomba wake Yordani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi ya Korogwe, alimwita akalisimamie kwa malipo ambayo hata mwalimu mkuu wetu hayapati. Enock alikosa raha. Akaenda nyumbani kwa Mwalimu Rukaya, akamwamkia, akamwomba ushauri kama mama yake.

"Nenda, mwanangu," Mwalimu alimwambia. "Ualimu haulipi, na mtoto hanywi sifa. Nenda kabla mjomba hajabadili mawazo."

Enock akashukuru, akatoka, akampigia mjomba simu kumwambia kwamba hatakwenda. Aliamini Mwalimu ametumia ile sheria yake, na kwamba anachotaka hasa ni abaki. Alipotusimulia ofisini tulimpa mkono kwa kuwa mwelewa, kwa sababu na sisi tungeelewa hivyohivyo.

Mwalimu Rukaya alipopata habari alikaa kwenye benchi la nje, akalia. Hatukuwahi kumwona akilia. Kesho yake alifuatana na Enock hadi Korogwe kumwangukia mjomba, lakini Yordani alikwisha kuweka mtu mwingine. Waliporudi alituambia kwamba alisema alichokiamini, na kwamba nyumbani kwake hapakuwa na mdahalo.

Mei Mosi ilipofika alipanda jukwaani, akaifuta sheria yake hadharani, akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba walimu tunastahili zaidi, kwamba nesi naye anastahili zaidi, na kwamba haelewi nani alitufundisha kwamba mmoja akishiba lazima mwingine alale njaa. Wanafunzi wakakonyezana, wakacheka, wakapiga kura ya kumpinga kwa kishindo.

Nilimuuliza, kama ndivyo anavyoamini, kwa nini yeye hakuondoka miaka yote hii. Alifikiri sana, kisha akasema hajui. Nami sijui niandike nini hapo, nimeandika alivyosema. Enock yupo, darasa la saba lina mwalimu wa Hisabati, na sisi tunafurahi halafu tunaona haya kwa furaha hiyo. Enock mwenyewe hana kinyongo. Majuzi alimwambia Mwalimu, "Mama, akizaliwa wa kike tutamwita Rukaya." Mwalimu akamuuliza kama anasema kweli.

Mwalimu Rukaya, tunakushukuru kwa kutufundisha kusikiliza hoja tusizozipenda. Tunakuombea afya, mavuno mazuri shambani, na wajukuu wasiokupa nafasi ya kukaa chini. Tunakupenda, na ofisi itakuwa kimya bila wewe. Maneno haya, tafadhali, yapokee kama yalivyoandikwa.