Vitabu vya Kale Vilivyobaki Rusizi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Maman Vénantie Nyirabagenzi, aliyetuaga Jumatatu. Maman Vénantie, mwalimu wa historia ya uchumi katika chuo kikuu cha hapa kwetu Rusizi, na mtunzaji wa vitabu adimu vya chuo hicho.

Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, akarudi Rwanda na shahada yake. Vitabu hivyo alivikusanya mwenyewe, kutoka kwa mapadri wazee na kwa familia za wafanyabiashara: vitabu vya kale kuhusu masoko, kodi na bei ya mazao. Aliringa navyo, na alikuwa na haki ya kuringa. Ole wako uvishike kwa mikono yenye mafuta ya sambusa!

Kisha mvua ya Aprili ikapasua paa la chumba cha vitabu pale chuoni. Vitabu vikalowa. Wakubwa wa chuo wakasema: tutakuja kukagua, tukikuta vimeharibika, vyote vinahamia Kigali. Kwake ilikuwa kama kunyang'anywa mtoto.

Na hapo akakosea, wasikilizaji. Kwa haraka alivitandaza juani kama muhogo wa Gashonga. Majalada ya ngozi yakaanza kujikunja. Binti wa mkulima wa kahawa, akasahau kwamba hata kahawa hufunikwa isiungue na jua la saa sita! Alipoona kosa lake, akavipakia garini mpaka Nyakarenzo, kwenye meza za wavu ambazo mumewe, Papa Cassien, alikuwa anakaushia kahawa. Tena katikati ya mavuno.

Jana, kilioni, Papa Cassien alitusimulia akicheka na kulia: "Nilimuambia, Vénantie, kawa yetu itaoza! Akaniita kwa jina ya binti yetu: 'Papa Aurore, kawa itazala tena mwaka yenye kuya. Bile bitabu habitazala.'"

Kahawa ikashushwa, na nyingine ikaoza kweli. Vitabu vikakaa kivulini, upepo ukipita juu na chini, Maman Vénantie akigeuza kurasa kwa mkono wake. Wakubwa walipofika, aliwapa kimoja kimoja: "Fungueni, musome." Wakasoma. Vitabu vikabaki Rusizi.

Jumatatu chuo kilitaka kufunga chumba cha vitabu hivyo kwa ajili ya msiba. Binti yake, Aurore, akakataa: "Maman angetugombeza. Muache batoto basome." Basi sasa hivi mlango uko wazi, na wanafunzi wamo ndani.

Papa Cassien, Aurore, pokeeni pole zetu. Mungu ampumzishe mama yetu. Nasi tujiulize: siku tukiambiwa kilicho chetu hatuwezi kukitunza, kipelekwe mbali, nani kati yetu atakubali mavuno yake yaoze?