Kyakimwa na Kakati Zilizotupwa

Ndugu waombolezaji, Kyakimwa alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1971, akasoma huko huko hadi akawa mwalimu, na tarehe 6 Agosti 1994 akafunga ndoa na Venant, wakajaliwa mtoto mmoja, Bénie. Venant alipofariki katika kambi ya wakimbizi Uganda mwaka 2005, ukoo ulitaka mjane arithiwe na shemeji yake Précieux, yule aliyeketi mstari wa mbele pale, Kyakimwa akakataa, na hakusamehewa.

Alifika Sydney mwaka 2011, akaishi kitongoji cha Liverpool, kisha cha Quakers Hill, akifanya kazi ya kuhudumia wazee, na bibi mmoja mzaliwa wa Uruguay akamwachia kakati, ule mmea wa miiba, ndogo ya mviringo, yenye mbavu kama boga, ambayo kila kiangazi ilitoa ua la njano kubwa kuliko yenyewe. Kyakimwa akapanda mbegu zake, akatafuta na kakati nyingine za jamii yake, zenye asili ya Bolivia na Ajentina, nyingine zikakaa miaka bila kuchanua, naye akazisubiri, veranda ikajaa vyungu. Wapo humu ndani waliosema mjane anafuga uchawi, na leo wamevaa nyeusi.

Tarehe 3 Juni mwaka huu alilazwa kwa saratani ya ini. Précieux, ambaye naye alikuja kuishi hapa Sydney, akamwomba Bénie ufunguo, eti akaiombee nyumba, akaenda na wenzake wa maombi, wakabeba vyungu vyote, wakavitupa jalalani. Kyakimwa aliporudishwa nyumbani kufia kwake, alisimama mlangoni mwa veranda tupu, ameshikilia bega la binti yake, akauliza ni nani aliyevitoa vyungu vyake.

“Tulisafisha tu nyumba, shemeji,” Précieux, aliyekuja kumpokea, akamjibu. “Ile miiba ilikuwa inakufungia baraka.”

“Nyumba yangu haikuwa chafu, Précieux. Toka, na usirudi, hata nikifa.”

Alifariki tarehe 19 Julai, alfajiri, Bénie akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na jirani yetu Wilkister, aliyempikia uji hadi siku aliposhindwa kuumeza. Udongo wa kwanza atatia Bénie, wa pili Wilkister, na shemeji aliyekuja na shada kubwa kuliko yote tunamwomba alirudishe garini na asiguse koleo.

Lala kwa amani, Kyakimwa. Amani ya kumgawia mwingine leo hatuna.