Maisha ya Kaka Yetu, Mzee Saa Nane wa Redio

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, mliyezoea kumwita Saa Nane kwa sababu ya kipindi chake, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi waliohamia huku kutoka India na masanduku mawili na cherehani, na mama alisema alianza kutangaza kabla mkunga hajamfuta uso.

Alisoma kuanzia 1959 hadi 1969, akamaliza kidato cha nne kwa alama ambazo familia imeamua tuzifunike, na tarehe 4 Februari 1974 akaajiriwa redioni kupanga santuri. Mwaka 1978 alipewa nusu saa ya Kigujarati, kila siku saa nane mchana, kwa sharti la mkuu wa kituo kwamba kikikosa kwenda hewani hata siku moja, kinafutwa, na wahamiaji hawakuwa na kipindi kingine cha kuwapa tanzia, salamu na habari za vibali, kwa hiyo kaka alitangaza akiwa na homa, akiwa na jino linalomuua, na hata siku ya harusi yake.

Harusi yenyewe ilianzia kwenye kosa, maana tarehe 12 Agosti 1981 alisoma tanzia ya mama wa watu aliyekuwa hai, tena jikoni kwake akimsikiliza, na binti wa mama huyo, fundi cherehani, akaingia studio mbio, kandambili mkononi, akashika kipaza sauti, akampa kaka vidonge vyake kwa dakika kumi nzima, nasi nyumbani tukashangilia, tukajua amepatikana. Walioana tarehe 20 Machi 1982, wakajaliwa mabinti wawili.

Februari 2019 aliugua koo, sauti ikakatika kabisa, tukaogopa kipindi kimekwisha, lakini akamwandikia shemeji yetu kwamba aende yeye, ila safari hii asimseme sana. Kaka alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni, saa saba na dakika arobaini mchana, na shemeji, akiwa tayari studio, akaletewa habari, akalia, akanawa uso, akasoma tanzia ya mumewe na salamu zote hadi ya mwisho.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wafanyakazi wenzake. Tunaomba pia, mkimwona mjane anaondoka kaburini saa saba na nusu, mpisheni njia, anawahi kipindi.

Kaka, pumzika kwa amani, leo pia tutakuwa hewani.