Mgongo wa Mzee Anicet

ZEPHANIA: Haloo? Nani mwenzangu?

XAVÉRINE: Ni mie, Xavérine wa Husby. Unanisikia? Niko hospitali, kwenye korido.

ZEPHANIA: Dada Xavérine. Nakusikia kwa mbali. Mzee anaendeleaje?

XAVÉRINE: Baba anaendelea. Jana walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto, baridi ilikuwa imeviua. Lakini leo amekunywa supu.

ZEPHANIA: Pole. Pole sana, dada.

XAVÉRINE: Tumeshapoa. Sasa sikiliza, salio langu dogo. Mchungaji Ernest anasema Jumapili usimame mbele, kanisa likushukuru. Wamama wameshagawana kazi, nani apike pilau, nani—

ZEPHANIA: Hapana, dada.

XAVÉRINE: Hapana nini? Baba alipopotea, watu ishirini tulizunguka mtaa wote wa Husby tukigonga milango, polisi nao wanatafuta. Wewe unafika saa sita na nusu unasema twende ziwani, nyuma ya Akalla. Moja kwa moja. Bila wewe leo ningekuwa nimeshazika.

ZEPHANIA: Waambie naumwa.

XAVÉRINE: Unaumwa?

ZEPHANIA: Siumwi. (mkwaruzo) Ngoja, niko kwenye treni, tukiingia chini ya ardhi mtandao utakata. Nashuka hapa Kista… Haya. Nimeshuka.

XAVÉRINE: Unanitia wasiwasi.

ZEPHANIA: Hujajiuliza nilijuaje kama yuko ziwani?

XAVÉRINE: Mungu alikuonyesha. Mie sijiulizi.

ZEPHANIA: Sikuonyeshwa kitu. Nilimwona asubuhi.

XAVÉRINE: Asubuhi ipi?

ZEPHANIA: Ile ile. Unajua vuli ikifika mimi kila Jumamosi natoka alfajiri na kamera. Napiga ukungu, miti iliyopukutika, maji meusi, vitu vya huzuni huzuni. Siku ile nilikuwa nimeshatega kamera pale. Mzee akatokea, akaenda mpaka mwisho wa kile kidaraja cha mbao, akasimama. Amenipa mgongo. Ukungu umemfunika mpaka kiunoni.

XAVÉRINE: Basi hukumjua. Ukungu ule, mtu hamjui mwenzake.

ZEPHANIA: Ndivyo nilivyojiambia wiki nzima.

XAVÉRINE: Donc hukumjua.

ZEPHANIA: Lenzi yangu inavuta mbali, dada. Nilimjua. Niliona kofia yake ya sufu. Niliona na suruali ya kulalia.

XAVÉRINE: Ukamwita.

ZEPHANIA: Hapana.

XAVÉRINE: Ulimwita hakusikia. Sikio lake la kulia halina—

ZEPHANIA: Sikumwita. Ningemwita angegeuka. Na mimi nilikuwa nautaka ule mgongo.

(mkwaruzo)

XAVÉRINE: Saa ngapi?

ZEPHANIA: Saa mbili kasoro dakika kumi. Kamera imeandika.

XAVÉRINE: Tulimpata saa saba.

ZEPHANIA: Ndiyo.

XAVÉRINE: Zaidi ya saa tano, Zephania. Na sapatu za nyumbani miguuni.

ZEPHANIA: Ndiyo.

XAVÉRINE: Ukafanya nini?

ZEPHANIA: Nilipiga picha kumi na moja. Ukungu ukaanza kuinuka, mwanga ukaharibika, nikakunja vyombo nikarudi kwenye gari. Nilijiambia mzee ametoka kunyoosha miguu, labda na wewe uko njiani nyuma yake. Nikafika nyumbani, nikanywa kahawa, nikaziweka kwenye kompyuta. Nilikuwa na furaha, dada. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Wewe uliponipigia saa sita kwamba baba haonekani, mimi nilikuwa nimekaa namtazama kwenye kioo.

XAVÉRINE: Ulinikumbatia pale ziwani. Ulilia na mie.

ZEPHANIA: Nililia kweli.

XAVÉRINE: Sijui nifanye nini na machozi yako.

ZEPHANIA: Nikuambie yote. Nilikuwa nimeshaituma moja kwenye chama chetu cha wapiga picha, kule Vällingby. Wameichagua itundikwe kwenye maonyesho. Leo nimewaandikia waitoe.

XAVÉRINE: Umeipa jina?

ZEPHANIA: Achana na jina.

XAVÉRINE: Jina gani?

ZEPHANIA: "Ensam". Kwa Kiswedi, peke yake.

XAVÉRINE: Lakini hakuwa peke yake.

ZEPHANIA: Haloo? Dada, upo?

XAVÉRINE: Nipo. Nilikuwa nakaa chini. Kuna kitu sikukuambia, niliona aibu. Toka alipozinduka baba anasema kulikuwa na mtu nyuma yake, na mashine ya picha. Kila anayeingia anamwambia. Mie nikamjibu, baba, hakuna mtu, umeota. Daktari ameandika kwamba anaona vitu ambavyo havipo. Wamemwongezea dawa. Sasa analala mchana kutwa.

ZEPHANIA: Alijua niko pale?

XAVÉRINE: Anasema, "Nilisimama vizuri, nikangoja aniambie amemaliza."

ZEPHANIA: Mungu wangu.

XAVÉRINE: Sikumuuliza alingoja mpaka saa ngapi. Nilidhani ni ule ugonjwa wake wa kusahau unaongea.

ZEPHANIA: Jumapili nitasimama, dada. Nitasimama mbele niwaambie wote.

XAVÉRINE: Kanisa halikukatwa vidole. Njoo hapa.

ZEPHANIA: Leo?

XAVÉRINE: Sasa hivi. Uingie kwa baba umwambie hakuota. Halafu umtafute daktari, na hicho Kiswedi chako kizuri, wafute walichoandika.

ZEPHANIA: Nakuja. Treni hii hapa inaingia.

XAVÉRINE: Kamera bado iko na zile picha?

ZEPHANIA: Iko nazo. Zote.

XAVÉRINE: Uje nayo. Atakuuliza ametoka vipi. Namjua, atauliza tu.

ZEPHANIA: Na wewe, dada? Wewe utani—

XAVÉRINE: Mie nitakuwa hapa koridoni. Upite tu. Leo usinisalimie.

ZEPHANIA: Xavérine—

XAVÉRINE: Kabla ya saa moja jioni, baada ya hapo hawaruhusu watu. Ghorofa ya nne, mkono wa kushoto. Ukiingia ukae upande wa dirishani, umsogelee, sikio linalosikia ni la—

(simu inakatika)

ZEPHANIA: Haloo? Haloo, dada? … Nimesikia. Nakaa upande wa dirishani.