Kumchagulia Profesa Kyungu Kitabu

Benchi yangu ya kahawa iko mtaa wa Manika, mbele ya lupango, kiwanja cha nyumba yetu. Mwaka ule wa 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa mkoani kwetu, Tata Tshimanga, mwalimu wa Kiingereza, aliambiwa arudi "kwao", ingawa alizaliwa mtaa huu huu. Siku zile yeye na mke wake Mianda walikuwa wakilala gare, stesheni, wakingoja treni ya Kasai. Mianda aliniachia gunia la vitabu: "Umupe mwenye kutaka kujifunza." Mwenye kutaka alikuja upesi. Tata Kyungu alikuwa amepewa kazi ya Tshimanga, na Jumatatu angeingia darasani; mwalimu kwetu huitwa profesa. Kiingereza chake alikiokota Chingola, ng'ambo ya mpaka, alipokwenda kuuza samaki. Nisimseme vibaya sana: ndiye aliyembebea Mianda godoro mpaka gare. Bega moja lilibeba godoro, la pili likabeba kazi. Waliomsaidia kuchagua kitabu ni Mukuna, tunayemwita Mizani kwa kuwa alipima malori mgodini, na Henri, tunayemwita Askofu kwa kuwa alishafagia lupango ya askofu.

MIZANI: Kamata hii ya grammaire. Sikia uzito! Kidole kimoya haiue chawa.

KYUNGU: Chawa inaingia namna gani mu grammaire, tata?

MIZANI: Batoto bakiona kitabu munene, bataogopa. Mutoto mwenye woga haulizake swali.

ASKOFU: Grammaire ni ya makarani. Kamata filozofia. Mutoto akiuliza, "Profesa, hii neno maana yake nini?" unamurudishia: "Na weye, uko?" Atafikiri mpaka kengele ilie.

KYUNGU: Na akijibu, "Niko"?

ASKOFU: Unamuambia, "Onyesha."

Nilicheka, mtoto wangu niliyembeba akaamka mgongoni. Kyungu alimchezea kidole mpaka akatulia, kisha akafungua kitabu cha tatu. Ndani kulikuwa na picha ya kichwa kilichokatwa katikati, ulimi nje nje.

KYUNGU: Hii ni ya munganga wa meno!

MIZANI: Aye! Hii ni linguistique. Inaonyesha fasi Kiingereza inakaa. Bazungu, ulimi yao iko yulu. Ya kwetu inalala. Weka kitu chini yake, ipande.

Akachukua kipande cha malakiti, jiwe la kijani la mgodini, ninachokandamizia kitambaa cha vikombe. Askofu alikifuta vizuri kwa shati lake, maana ana huruma. Kyungu akakitia mdomoni.

KYUNGU: Gu... mo... nin.

ASKOFU: Sikieni! Londres yote ya Bangereza!

Hapo akafika Mama Adolphine, aliyetoka kushuka treni ya kutoka Lubudi na unga wake kichwani. Nikampa kikombe.

ADOLPHINE: Bitabu bya nani hibi?

MIZANI: Bya Tshimanga, mwalimu wa Kiingereza. Tunamuchagulia Profesa Kyungu kimoya, aanze kazi.

ADOLPHINE: Tshimanga? Nimemupita gare sasa hivi, amekaa yulu ya godoro. Si mumuite tu?

Mizani akaweka grammaire chini polepole, kama lori lililozidi uzito. Askofu akafungua filozofia, akaifunga. Kyungu alitema jiwe kiganjani, akalirudisha juu ya kitambaa.

— Ongeza kahawa, mama, akasema Kyungu.

— Imeisha, tata.

Haikuwa imeisha. Niliinua birika, nikaelekea gare kwa Mianda na mume wake.

Kyungu akaniita kutoka nyuma:

— Mama! Umusalimie Tshimanga!

— Kwa Kiingereza? nikamuuliza.