Vijiti vya Beldina

Hapa Otonglo kuna benchi moja ya wanaume wenye maneno mengi, na kahawa nawapikia mimi. Ni mwaka wa tisini na sita. Ugonjwa umekunja majani ya mihogo yetu mpaka hatuna ya kusaga na mtama. Jana Beldina, mke wa mwanangu Dalmas, alileta vijiti vizima vya mihogo vya kupanda kutoka Pap Onditi. Mvua imenyesha, vijiti vinakauka. Lakini kwetu mama wa boma hupanda kwanza, ndipo wake wa wanawe wapande. Akirukwa, chira, laana ya kuvunja mwiko, inaingia nyumbani. Nami mguu umevimba, wiki mbili sijafika shambani. Dalmas hakuja kwangu. Alienda kuuliza benchi, hatua mbili kutoka nilipoketi.

— Wazee, Beldina anaweza panda?

— Hawezi! alisema Ouma, tunayemwita Kaunsela kwa sababu ameshindwa kura mara tatu. Ngoja mguu ya mama ipone.

— Hiyo wakati vijiti itakuwa kuni.

— Basi utapikia ugali.

— Ugali ya unga gani, Bwana?

Hapo Enos akaingia. Yeye ni Redio, hazimiki.

— Sheria ni ya mbegu. Mtama iko na mbegu. Muhogo ni mti, na mti mtu yeyote anapanda.

— Wewe ulishakula mti na omena?

— Ile njaa ya eighty-four nilikula mpaka maganda.

— Ndiyo maana uko hivyo.

— Sikiza, Kaunsela. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Beldina akunje kijiti, apande akitembea kinyumenyume. Chira itadhani anang'oa.

Kaunsela alifikiria jambo hilo kwa heshima kubwa.

Wakati huo Gakenia, anayenunua mihogo mikavu kupeleka mjini, alisimama kuomba kahawa, akasikia ubishi.

— Mama wa kupanda kwanza ni nani?

— Ni huyu, Mama Dalmas.

— Huyu anawapatia kahawa?

— Ndiye.

— Mmemwuliza?

Redio aliangalia ndani ya kikombe. Kaunsela alitafuta kitu mfukoni, hakukipata. Dalmas, niliyemzaa mimi, alikuna shingo.

— Beldina! niliita kuelekea nyumbani. Leta wilbaro na vijiti vyako.

Nikaketi ndani, Dalmas akasukuma, akitoa jasho. Kwenye shamba langu niliinama nikiwa humo humo, nikachomeka kijiti kimoja, nikakigandamizia udongo.

— Haya, nenda kwako ukapande, nikamwambia Beldina.

Dalmas akauliza kama kupanda ukiwa kwenye wilbaro kunahesabika.

Beldina alikuwa ameshaenda.