Nyavu za Mama Annet

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Annet Adoyo anaondoka kiwandani kwetu Igogo baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Alipoanza, tulisokota uzi wa pamba ya Magu. Leo lebo zinazoshonwa kwenye kola za mashati tunazifuma kwa uzi wa chupa za maji, na hakuna aliyezipenda chupa hizo kama yeye. Kwenye kivuko cha Sengerema aliwasimamia abiria mpaka wamalize kunywa. Harusini kwangu aliondoka na kiroba kimejaa chupa, na gauni lake la kitenge halikumzuia.

Chupa huoshwa, hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, kisha huyeyushwa na kuvutwa kuwa uzi. Mama Annet, aliyekulia Mara akianika dagaa, alileta nyavu ili vipande vianikwe kwanza juani, tuokoe umeme. Ila alisisitiza kwamba baada ya jua lazima vikae saa sita kwenye mashine ya kukaushia, kwa sababu plastiki huficha unyevu usioonekana kwa macho.

Mwaka 2020, tukiwa na oda yetu ya kwanza kubwa, vipande vilitoka kwenye nyavu vikaenda moja kwa moja kuyeyushwa. Uzi ukawa unakatika kila dakika. Mteja akasusa, na uongozi ukaitisha kikao cha kuifunga idara yetu, watu kumi na mmoja. Mama Annet akasimama: "Nyavu nilizileta mimi. Wa kuulizwa ni mimi." Akaomba wiki moja turudie kazi. Idara ikapona, lakini yeye akavuliwa usimamizi na kupelekwa kufungua vifuniko vya chupa. Hakununa.

Aliyeiruka mashine ya kukaushia siku ile ni mimi, Jovinary Muganyizi, ninayeandika haya. Nilivitikisa vipande kiganjani kama tunavyopima kahawa kavu kwetu Kagera, vikalia vizuri, nikaridhika. Mama alijua, maana zamu ilikuwa yangu. Kesho yake baada ya kikao alinielekeza mashine upya, taratibu, bila kuniuliza lolote. Cheo alichovuliwa nikapewa mimi, nikakaa kimya miaka mitano. Naona aibu.

Shikamoo, Mama. Asante kwa kubeba kosa lisilo lako. Sisi sote tunakuombea afya na siku nyingi za utulivu huko Mara. Nyavu zako tumezifua na kuzikunja. Nitazibeba mwenyewe mpaka stendi.